Uliza Sheria Iliyo Nyuma ya Fomu: Mwongozo kwa Vituo vya Afya vya Rau na Jirani Zake

Kama unaendesha zahanati, kliniki, maabara au duka la dawa hapa Rau, kuanzia Madukani hadi kunakoanza Uru, mwongozo huu ni wako. Ni wako pia wewe muuguzi unayehudumia wagonjwa mchana kutwa, kisha unabaki kituoni jioni kujumlisha takwimu za mwezi wakati wenzako wameshafika nyumbani. Nitaonyesha ni wapi sheria zetu zinaiwekea Serikali mipaka katika kudai fomu, ada na taarifa, ni wapi haziiwekei, na wewe ufanye nini katika kila hali.

Tuanze na ukweli ambao wengi hawaambiwi: Tanzania haina sheria moja inayozuia Serikali kumlundikia mwananchi karatasi. Marekani wanayo. Rais Jimmy Carter aliitia saini Desemba 1980 na Bunge lao likaiandika upya mwaka 1995. Chini ya sheria hiyo, idara ya Serikali Kuu inayotaka kukusanya taarifa zilezile kutoka kwa watu 10 au zaidi lazima kwanza iombe kibali katika ofisi ya bajeti ya Rais. Hutangaza kusudio lake na kupokea maoni ya wananchi kwa siku 60, halafu kwa siku 30 nyingine. Kibali kikitoka hakizidi miaka 3, na fomu huchapwa namba ya kibali hicho. Fomu isiyo na namba halali haiwezi kumletea mtu adhabu kwa kutoijaza. Hospitali inayotibu wazee wa bima ya Serikali yao inaweza kuishika fomu, ikatazama pembeni, ikajua kama ina nguvu au haina. Hata hivyo sheria hiyo haiwagusi kabisa watu wa bima binafsi, na madaktari wengi wa huko wanalalamika kwamba karatasi nyingi zinatoka upande huo. Likumbuke hilo, maana na sisi linatuhusu.

Kenya walipita njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2013 kuhusu kanuni ndogo inataka kanuni yenye gharama kubwa kwa jamii iambatane na tathmini ya athari zake, na kanuni yoyote hufa yenyewe baada ya miaka 10 isipotungwa upya.

Kwetu mipaka ipo ila imetawanyika. Kipande kiko kwenye Katiba, kingine kwenye Sheria ya Fedha ya mwaka fulani, kingine kwenye sheria ya taarifa binafsi. Mwenye kituo anayejua vipande hivi hupata nafuu. Asiyevijua hujaza kila fomu, hulipa kila ada, na muda anaoutoa ni ule wa mgonjwa aliyekaa kwenye benchi. Hilo ndilo linaloniuma na ndilo lililonifanya niandike.

Kabla ya sheria yoyote, fanya kazi moja ndani ya kituo chako. Chukua mgonjwa mmoja wa kawaida, umfuate kuanzia mapokezi hadi anapotoka, ukiandika kila mahali jina lake linapoandikwa. Mfano mzuri ni mama mjamzito wa hudhurio la kwanza. Muuguzi anamjaza kwenye kadi yake ya kliniki, ile RCH 4. Kisha anamwandika kwenye Kitabu cha 6 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, mstari mrefu unaovuka kurasa mbili: umri, mimba ya ngapi, shinikizo la damu, damu, kaswende, VVU, dawa ya kuzuia malaria, chandarua. Anatia alama kwenye karatasi ya tali. Anajaza fomu ya maabara, na fundi wa maabara anaandika majibu kwenye daftari lake, kisha muuguzi anayarudisha kwenye kadi na kwenye kitabu. Mama akiwa na bima, fomu ya madai inafunguliwa na jina linaandikwa tena. Akikutwa na maambukizi ya VVU, linafunguliwa jalada la CTC na kadi yake. Mwisho wa mwezi mistari yote inajumlishwa na kupelekwa Manispaa.

Ukimaliza kumfuata mama huyo utaona kwamba karatasi zake hazina mzazi mmoja. Nyingine zimeletwa na Wizara ya Afya, nyingine na mfuko wa bima, nyingine na mradi wa wafadhili, na nyingine, usishangae, umezitunga wewe mwenyewe. Kila mzazi ana sheria yake na kila mmoja ana namna ya kuzungumza naye. Kwa hiyo pembeni ya kila karatasi andika majibu ya maswali manne: nani anaitaka, kwa sheria gani, kwa Tangazo la Serikali namba ngapi, na mara ngapi kwa mwaka.

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Kwa mujibu wa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kanuni zinazotungwa na Waziri huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba. Na Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge au utaratibu uliowekewa nguvu na sheria hiyo. Maana yake ofisa anapokuja na ada mpya au fomu mpya, una haki ya kumuuliza kwa upole, "Ndugu, hii iko kwenye Tangazo la Serikali namba ngapi, la mwaka gani?" Ofisa anayejua kazi yake hatakasirika, na mara nyingi namba anayo kichwani. Malipo nayo yapitie mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki, kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo huo. Usitoe fedha mkononi hata kama umeahidiwa risiti kesho.

Hapa kuna tahadhari, na naomba uisome mara mbili. Swali hili halikupi ruhusa ya kugoma. Sheria nyingi zinazogusa vituo vya afya zinampa mkaguzi mamlaka mapana ya kuingia, kukagua na kudai kumbukumbu, na hatuna kinga kama ile ya Wamarekani ya fomu isiyo na namba. Ukikataa kutoa daftari mbele ya mkaguzi unaweza kufungiwa kituo. Timiza anachotaka siku hiyo, andika alichotaka, halafu dai ufafanuzi kwa barua.

Tuje kwenye vibali, maana ndiko mabadiliko ya miaka ya karibuni yalikojaa. Historia yetu ni ya udhibiti mzito. Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ilipiga marufuku matibabu ya kibiashara, yakabaki ya Serikali na ya mashirika kama makanisa, na mlango ukafunguliwa tena kwa marekebisho ya mwaka 1991. Tangu hapo kila kipengele cha huduma kimepata bodi au baraza lake. Zahanati ndogo yenye maabara, chumba cha dawa na mashine ya eksirei inaweza kujikuta mbele ya bodi ya hospitali binafsi, bodi ya maabara binafsi, Baraza la Famasi, mabaraza ya taaluma za watumishi wake, Tume ya Nguvu za Atomu, OSHA, Zimamoto na NEMC, bila kuhesabu TRA, NSSF na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Na ofisi za kanda za TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), OSHA na NEMC ziko Arusha, kilomita 80 hivi kutoka Moshi. Siku ya kufuatilia cheti kule ni siku ambayo mganga mfawidhi hayupo kituoni.

Serikali yenyewe ilikiri tatizo hili kwa maandishi. Mwaka 2018 ulipitishwa mpango wa kurekebisha mifumo ya udhibiti wa biashara, ambao watu wengi wanauita Bluprinti na wengine MKUMBI, na utekelezaji wake ukaanza Julai 2019. Mpango huo si sheria, kwa hiyo usiutaje mbele ya mkaguzi kana kwamba ni kifungu. Nguvu yake iko kwenye sheria zilizobadilishwa kwa sababu yake, na baadhi yake zinakugusa moja kwa moja.

Kwanza, OSHA ilifutiwa tozo kadhaa, ikiwemo ya usajili wa sehemu ya kazi. Kusajili bado ni lazima na ukaguzi upo. Kilichoondoka ni baadhi ya ada, na usikubali kuambiwa kwamba zimerudi bila kuonyeshwa tangazo.

Pili, Sheria ya Fedha ya 2019 iliondoa udhibiti wa chakula na vipodozi kwa iliyokuwa TFDA na kuupeleka TBS. TFDA ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Lengo lilikuwa kuondoa ofisi mbili zinazokagua kitu kimoja, na kwa wenye viwanda ilisaidia. Kwa mwenye duka la dawa hapa Rau anayeuza pia maziwa ya watoto na losheni, hesabu ni tofauti: dawa zake ziko chini ya Baraza la Famasi na TMDA, losheni na maziwa yako chini ya TBS. Rafu moja ya losheni inaweza kukufungulia mlango mzima wa usajili. Piga hesabu ya faida ya rafu ile kwa mwaka. Kwa maduka mengi madogo nadhani haistahili, ila wewe ndiwe unayejua mauzo yako.

Tatu, na hili watu wa vituo vya kanisa walisikilize. Sheria ya Fedha ya 2021 ilipandisha idadi ya waajiriwa inayomwingiza mwajiri kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, kutoka 4 hadi 10. Zahanati yenye watumishi 7 ilitoka kwenye tozo hiyo na kwenye ritani yake. Sheria hiyohiyo iliziondoa kwenye SDL hospitali zinazomilikiwa na taasisi za dini. Mkoa wetu umejengwa juu ya hospitali za namna hiyo: KCMC pale jirani, Kibosho, Kilema, Machame, Huruma kule Rombo. Kodi ya mishahara yenyewe, PAYE, haikuondolewa na bado inawasilishwa kila mwezi kabla ya tarehe 7 kupita. Ila kama mhasibu wako anaendelea kulipa SDL kwa mazoea, mwambie aoneshe kwa nini.

Sasa taarifa za kila mwezi. MTUHA ina zaidi ya miaka 30 nchini, na tangu takwimu zake zilipoanza kuingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, namba za kituo chako zinaonekana Manispaa, mkoani na wizarani bila mtu kusafiri na bahasha. Rau iko chini ya Manispaa ya Moshi, kwa hiyo taarifa yako inakwenda kwa Mganga Mkuu wa Manispaa. Jirani yako wa Uru anaripoti Halmashauri ya Wilaya. Mgonjwa wa Uru anayeshuka kutibiwa kwako huhesabiwa kwako, na makazi yake yanaandikwa kwenye kitabu. Usimtengenezee daftari la pembeni la wagonjwa wa wilaya nyingine kwa sababu mtu alipita siku moja akaliomba.

Hilo daftari la pembeni ndilo adui mkubwa kuliko MTUHA yenyewe. Linaanza kwa ombi la heshima kutoka kwa mtu wa mradi: fomu fupi tu, ya kila Ijumaa, ya miezi 3. Mradi unakwisha, aliyeomba anahamia mkoa mwingine, na muuguzi anaendelea kuijaza kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Mimi msimamo wangu ni kwamba takwimu iliyomo ndani ya DHIS2 isiombwe tena kituoni na mtu yeyote. Aifuate kwa Mganga Mkuu wa Manispaa, ndiye mwenye idhini. Na ikibidi kuandika, andika namna hii:

"YAH: MAOMBI YA UFAFANUZI KUHUSU FOMU YA TAARIFA YA KILA WIKI. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kituo chetu kimepokea fomu ambayo nakala yake imeambatanishwa. Takwimu zinazoombwa humo tunaziwasilisha kwako kila mwezi kupitia MTUHA. Tunaomba kufahamu iwapo fomu hii ina idhini ya ofisi yako, msingi wake wa kisheria ni upi, na itakoma lini kutumika. Wakati tukisubiri maelekezo yako, tutaendelea kuwasilisha taarifa za MTUHA kama kawaida. Tunatanguliza shukrani."

Barua hii haimgombezi mtu. Inampa Mganga Mkuu nafasi ya kusema ndiyo au hapana, na inamlinda muuguzi wako akiulizwa kwa nini hakujaza.

Kuna karatasi ambazo sitaki uzipunguze hata moja, na nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakichanganya mzigo na wajibu. Taarifa ya ugonjwa wa mlipuko haisubiri mwisho wa mwezi. Kifo cha mama mjamzito au aliyejifungua kinatolewa taarifa ndani ya saa 24. Daftari la dawa zenye udhibiti maalumu linajazwa kidonge kwa kidonge. Ridhaa ya mgonjwa kabla ya upasuaji inaandikwa na kutiwa saini. Kumbukumbu za mionzi za mtumishi wa eksirei zinatunzwa. Hizi zinarudi kumlinda mgonjwa na mtumishi yuleyule aliyeziandika. Mwezi Januari 2025 Marburg ilipotangazwa Kagera, nchi nzima ilikumbushwa kwamba kinga ya kwanza ni kituo kidogo kinachotoa taarifa mapema.

Kwenye bima, uwe na subira na uwe makini. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ni chombo cha umma kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, lakini uhusiano wako nao unaongozwa zaidi na mkataba uliousaini. Makato mengi kwenye madai yanatokana na mambo madogo: saini ya mgonjwa haipo, utambuzi wa ugonjwa haulingani na dawa iliyotoka dirishani, namba ya idhini imekosewa tarakimu moja. Mteue mtu mmoja asome kila fomu jioni ileile, mgonjwa akiwa bado anakumbukwa. Kwa kampuni binafsi za bima, hakuna sheria ya Serikali itakayokuokoa na fomu zao. Ulinzi wako ni kalamu kabla ya kusaini: omba kwamba fomu haitabadilishwa bila kukupa notisi, na kwamba kila kato litaelezwa sababu yake kwa maandishi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inawaleta wanachama wengi zaidi kwenye dirisha lako, kwa hiyo bora kasoro hizi uzitengeneze sasa wakati foleni ni fupi.

Kisha jitazame mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka kila anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume yake, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi nyeti. Wengi wameiona kama karatasi nyingine juu ya zile za zamani. Mimi naiona kama panga la kufyekea. Inataka ukusanye taarifa zinazohitajika kwa kusudi lako, zisizozidi. Chukua fomu yako ya mapokezi: kwa nini unamuuliza mgonjwa wa kikohozi dini yake, kabila lake na mahali anapofanya kazi mume wake? Kama huwezi kueleza jibu linatumika wapi, futa swali. Kila mstari unaoufuta ni dakika unayompa mgonjwa anayefuata, na ni siri moja pungufu ya kuvuja.

Kuhusu kompyuta, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua kumbukumbu ya kielektroniki, mradi inaweza kusomeka baadaye na inaonyesha ilikotoka na lini. Lakini usitupe vitabu vya MTUHA kwa kutegemea sheria hiyo peke yake. Omba kwanza maelekezo ya maandishi kutoka Manispaa, kwa sababu kuandika kwenye kompyuta na kwenye kitabu kwa pamoja ni mzigo mara mbili, na kuacha kitabu bila idhini ni hoja ya ukaguzi.

Barua yako isipojibiwa, iko njia nyingine. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu mwombaji ndani ya siku 30. Haki hiyo ni ya raia, kwa hiyo omba kwa jina lako wewe, usiombe kwa jina la kampuni. Tumia njia hii kudai nakala ya ripoti ya ukaguzi wa kituo chako, au tangazo ambalo ada yako imejengwa juu yake. Peleka barua mwenyewe masijala, baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila mhuri ule hizo siku 30 huna pa kuanzia kuzihesabu.

Zaidi ya hapo ni kubadilisha sheria zenyewe, na si jambo la mbali kama linavyoonekana. Kila mwaka kabla ya bajeti, Wizara ya Fedha hualika maoni kuhusu kodi, tozo na ada, na kamati za Bunge hupokea maoni ya wadau muswada unapofika mbele yao. Nafuu ya SDL ya 2021 ilipitia mkondo huo wa bajeti. Bajeti husomwa Juni, kwa hiyo maoni yanayoandikwa Mei yamechelewa. Yaanze kuandaliwa Oktoba au Novemba. Andika ukurasa mmoja: ada gani, iko kwenye tangazo gani, ofisi gani nyingine inakagua kitu hichohicho, na kituo chako kinapoteza saa ngapi za mtumishi kwa mwezi. Pitisha kwenye umoja wenu, iwe APHFTA kwa vituo binafsi, CSSC kwa vya makanisa au BAKWATA kwa vya Waislamu. Nakala mpe mbunge na diwani wa kata, na mbunge mtafute wewe akiwa jimboni kabla vikao vya bajeti havijamwita Dodoma.